Fani Ikibadilika, Mhusika Je?

Kusubiri kuko kwa aina nyingi. Yuko anayesubiri matokeo ya mtihani, yuko anayesubiri kuitwa kazini, yuko anayesubiri mvua, na yuko anayesubiri jibu la mchumba aliyesema "nitafikiria". Mimi nataka kuwasimulia kusubiri ambako wengi wenu mtakucheka. Ni kusubiri kuambiwa kwamba mtu asiyekuwepo, mtu wa kwenye kompyuta, atabadilishwa vipi. Chekeni, lakini mkimaliza nisikilizeni. Ninyi mnaosoma gazeti hili nanyi mna watu wenu wasiokuwepo, mmewafungia kwenye daftari chini ya godoro, na siku moja mtu mwingine atashika kalamu nyekundu na kuwainamia.

Mchezo wenyewe unaitwa World of Warcraft. Ulitoka Marekani Novemba 2004 na ukafika Ulaya Februari 2005. Ni mchezo wa intaneti, maelfu ya watu wanaingia katika nchi moja ya kubuni kwa wakati mmoja. Ukiingia unaumba mhusika. Unamchagulia kabila, sura na jina, halafu unamchagulia fani. Fani ndiyo kazi yake na ndiyo kila kitu chake: silaha atakayoshika, nguo atakayovaa, namna atakavyopigana na namna atakavyokufa. Mwanzoni fani zilikuwa tisa: mpiganaji, askari mtakatifu, mwindaji, mnyemeleaji, kuhani, mganga, mwanamazingaombwe, mchawi mfuga mashetani, na druidi, yule anayejigeuza dubu au chui. Baadaye wakaja wengine. Mwaka 2008 aliletwa askari mfu, 2012 mtawa, 2016 mwinda mashetani, na 2022 mtu wa ukoo wa majoka. Jumla zikawa 13. Tena kila fani ina matawi yake, kiasi kwamba kufikia Julai 2023 palikuwa na matawi 39. Mganga, kwa mfano, anaweza kuwa wa kurusha radi kwa mbali, wa kupigana ana kwa ana, au wa kuponya.

Mimi ni mganga wa kuponya.

Sasa, kila baada ya miaka miwili hivi waundaji wa mchezo hutoa nyongeza. Nyongeza ni nchi mpya, hadithi mpya na maadui wapya. Lakini wachezaji wakongwe hawaulizi kwanza habari za nchi wala maadui. Swali lao la kwanza ni moja tu: "Fani yangu wameifanya nini?" Maana kila nyongeza inapokuja, fani zote hupitiwa upya. Huyu anaongezewa makali, yule anatiwa ubutu, na yule mwingine anafumuliwa kama gari bovu na kuunganishwa upya. Kwanza hutolewa tangazo. Halafu hufuata miezi ya majaribio, wachezaji wachache wakiruhusiwa kuonja kisichoiva. Kila baada ya siku chache hutoka orodha ndefu ya mabadiliko, mstari kwa mstari: uponyaji huu umepandishwa kwa asilimia 10, ule umeondolewa, huu umehamishiwa tawi jingine. Kilichoandikwa Jumanne kinaweza kufutwa Jumanne ya pili. Unasoma kama mtu anayesoma majina ubaoni, kidole kinashuka polepole, moyo unadunda.

Kwa nini nijali? Nitaeleza.

Ninaye kaka, mtoto wa mama mkubwa, fundi wa viyoyozi huko Muscat. Aliondoka Tanga mwaka 2014 mimi nikiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na tangu hapo hatujaonana uso kwa uso. Simu tunapigiana, ndiyo, lakini simu ya ng'ambo mnaijua: shikamoo, marahaba, mama hajambo, pesa imefika, haya kwaheri. Katika mchezo ni tofauti. Alhamisi usiku, kesho yake yeye hana kazi, tunaingia na kukaa saa tatu au nne. Tunapigana, tunanyamaza, tunapiga soga. Humo ndimo aliponiambia kwamba mkataba wake umepunguzwa. Humo ndimo nilipomwambia kwamba nimeanza kuandika riwaya, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote. Watu wengine wana kibaraza, sisi tuna pango la mazimwi.

Lakini pango haliingiwi na watu wawili. Kundi ni la watu watano: mmoja wa kukinga mapigo, mmoja wa kuponya, na watatu wa kushambulia. Tangu nyongeza ya mwaka 2016 kuna mapango ya kushindana na saa. Ukichelewa mmeshindwa, na kila mkishinda ugumu unapanda. Hapo ndipo fani inapokuwa suala la kula au kulala njaa. Mponyaji ni mmoja tu. Kiongozi wa kundi, mtu asiyekujua kwa sura wala kwa jina, anatazama fani yako kwanza, akikumbuka orodha ya juzi inasema nini juu yake. Waganga wakiwa wamepandishwa, unapokewa kwa shangwe. Wakiwa wameshushwa, unabisha hodi mpaka mkono unauma. Kaka yangu hukinga mapigo, naye ana marafiki zake watatu wa huko aliko. Nafasi iliyobaki ni ya mponyaji. Siku waganga watakaposhushwa kabisa, wale watatu watamwambia kwa upole, "Mdogo wako ni mtu mzuri, lakini tutafute kuhani." Hilo ndilo ninalosubiri kila nyongeza inapotangazwa. Asilimia kwangu ni namba tu. Ninachosubiri ni kujua kama Alhamisi zangu zitakuwepo.

Tena kuna jambo la bahari. Ili mtu wa Tanga acheze mchezo huu huingia kwenye mitambo ya Ulaya, maana ya Afrika haikuwekwa. Kabla ya 2009 pwani yetu haikuwa na waya wa intaneti chini ya bahari. Mambo yalikwenda kwa setilaiti, na ishara ilipanda angani na kushuka kwa zaidi ya nusu sekunde. Katika nusu sekunde mtu wako amekufa na kufukiwa. Julai 2009 ukazinduliwa waya wa SEACOM, ukaja na EASSy mwaka 2010, na tangu hapo kucheza na Ulaya kukawezekana. Hata hivyo sisi wa huku bado tunachelewa kidogo kuliko wenzetu wa huko. Kwa hiyo tunasoma mabadiliko ya fani kwa jicho jingine. Mzungu akisikia kwamba uponyaji fulani sasa unatakiwa ubonyezwe ndani ya sekunde moja, anasema sawa. Mimi nahesabu safari ya kwenda Ulaya na kurudi, halafu naona imebaki nini.

Wanaosema kwamba mabadiliko ni madogo tu hawajakaa na wakongwe wakawasikiliza. Wakongwe wana kumbukumbu kama za wazee wa mtaa. Watakwambia kwamba mwanzoni askari mtakatifu alikuwa wa upande mmoja tu wa vita na mganga alikuwa wa upande wa pili tu. Upande mmoja ulijivunia baraka, mwingine ulijivunia totemu. Nyongeza ya Januari 2007 ikavunja ukuta huo, pande zote mbili zikapata fani zote mbili. Wapo walioshangilia, na wapo waliosema siku ile wameibiwa utambulisho wao.

Watakwambia habari za druidi mponyaji. Aliweza kujigeuza mti, akatembea vitani ni mti, akaponya ni mti. Ukiuona mti ule mstari wa nyuma ulijua uko salama. Mwaka 2010 ikaja nyongeza nyingine, na mti ukawa kitu cha muda, sekunde chache kisha unarudi mtu. Nguvu za kuponya hazikupotea, lakini wengi walilia. Walikuwa wameuzoea mti.

Watakwambia habari za mwindaji wa tawi la kujiokoa. Miaka mingi alikuwa mtu wa upinde na bunduki kama wawindaji wenzake, anasimama mbali na kulenga. Mwaka 2016 akapewa mkuki na kuambiwa sogea karibu. Jina la tawi lilikuwa lilelile na mnyama wake alikuwa yuleyule, lakini mtu aliyezoea kusimama mbali akajikuta puani mwa adui. Huo ulikuwa mwanzo mpya kabisa wa mtu aliyekwisha kuwa mzee.

Na kisa cha kaka yangu ni cha mwaka huohuo. Kabla hajawa mkingaji alikuwa mchawi mfuga mashetani. Tawi lake lilikuwa na jambo moja lililowazidi wote: tangu 2008 mchawi wa tawi lile aliweza kujigeuza shetani mwenyewe, akaota mbawa na pembe. Nyongeza ya 2016 ilipokuja ilileta fani mpya, mwinda mashetani, na fani hiyo ilihitaji kuwa na kitu chake. Ikapewa mbawa zile. Mchawi akanyang'anywa, akaachiwa kazi ya kuita majeshi ya vishetani vidogo. Nilimuuliza kaka alifanya nini siku ile. Akaniambia, "Mdogo wangu, nilimkalisha mchawi wangu kwenye baa ya mjini, nikamvua silaha, nikamwacha hapo akae kwa heshima. Halafu nikaumba mwinda mashetani. Nilifuata mbawa." Yule mchawi yupo mpaka leo kwenye baa ile. Kaka humtembelea mara mojamoja, anamsimamisha, anamtembeza kidogo, anamrudisha kitini.

Jibu hilo nimelifikiria sana kama mwandishi. Nilipokuwa sekondari mwalimu wa Kiswahili alituingizia maneno mawili kama misumari: fani na maudhui. Fani ni umbo, ni jinsi jambo linavyosemwa. Maudhui ni lile linalosemwa. Tukafundishwa pia wahusika bapa, wasiobadilika toka mwanzo hadi mwisho, na wahusika duara, wanaobadilika kufuatana na mazingira. Tulikariri, tukajaza karatasi za mtihani, tukasahau. Mchezo huu ndio ulionionyesha kwamba maneno yale yana damu. Mhusika wangu ana fani aliyopewa na waundaji, na fani hiyo inaweza kubadilishwa usiku mmoja mimi nimelala. Lakini mapango aliyopita, watu aliowaponya, na zile Alhamisi nne alizoshindwa pango lilelile mpaka wakalivunja ya tano, hayo waundaji hawakuyaandika. Hayo ni maudhui, na ni mali yetu. Kaka alipofuata mbawa alifuata fani. Alipomkalisha mchawi kwa heshima alikuwa anatunza maudhui.

Kuna waliokataa kabisa kubadilika. Walidai kwa miaka mingi warudishiwe mchezo wa zamani, fani za zamani, hata makosa ya zamani. Agosti 2019 wakarudishiwa, ukafunguliwa mchezo wa kale pembeni ya ule mpya, na watu walijaa hata ikabidi kupanga foleni kuingia. Nawaelewa. Lakini niligundua kitu kwa kuwasikiliza. Mganga wa mwaka 2005 alirudi jinsi alivyokuwa, ila yule kijana wa mwaka 2005 aliyemchezesha hakurudi. Amerudi baba wa watoto wawili, anaangalia saa. Fani inaweza kurudishwa kama ilivyokuwa. Mtu harudishwi.

Na kuna mabadiliko yanayozunguka. Zamani kila fani ilikuwa na miti ya vipaji, unaongeza nukta moja moja kila ukipanda daraja. Mwaka 2012 miti ile iling'olewa, pakabaki mistari sita, kila mstari una vipaji vitatu, uchague kimoja. Walisema wachezaji wote walikuwa wananakili mti uleule. Miaka kumi baadaye, mwaka 2022, miti ikapandwa tena, mikubwa kuliko ya kwanza. Mwandishi yeyote anaijua safari hiyo. Unakata sura nzima kwa sababu imejaa maneno, na baada ya muda unairudisha, kwa sababu umegundua maneno yale ndiyo yaliyokuwa yanapumua.

Kusubiri kulikonikamata zaidi ni kule kwa mwaka 2023 na 2024. Novemba 2023 zilitangazwa nyongeza tatu kwa mpigo: The War Within, Midnight, na The Last Titan. Hebu fikiria, kabla hujamaliza kusubiri moja umeshapewa mbili nyingine za kusubiri. Ile ya kwanza ilileta kitu kinachoitwa vipaji vya kishujaa. Maana yake, ukivuka daraja la 70 kwenda la 80 mhusika wako anachagua njia, na njia ile inamtaja yeye ni nani. Mganga mponyaji alipewa njia mbili. Ya kwanza ni ya mwona-mbali, anayeita mizimu ya wahenga isimame naye na kumsaidia. Ya pili ni ya mtu wa totemu, anayechomeka totemu yake ardhini na kuitegemea. Njia hizi hazikutolewa zote siku moja. Zilitolewa vipande vipande, fani hii leo, fani ile wiki zijazo, kama hadithi za mfululizo gazetini, ukifika patamu unakuta "itaendelea".

Miezi ile tulijadili kuliko tulivyocheza. Kaka alitaka nichague totemu, kwa hoja za mtu wa kazi: totemu inafanya kazi yenyewe, na mimi ninayechelewa kwa ajili ya bahari nahitaji kitu kinachofanya kazi bila kuningoja. Mimi nilitaka wahenga. Sina hoja ya namba. Nilitaka tu mhusika wangu, anapoelemewa, awe na watu wa kuwaita.

Halafu tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zikakatika kusini huko karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani ikadhoofika vibaya kwa siku kadhaa. Sikuweza kusoma orodha ya mabadiliko, sikuweza kuingia mchezoni, sikuweza kumpata kaka kwa njia yetu. Nilikaa na daftari. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi nikaandika kurasa kumi na moja za riwaya yangu kwa mfululizo, na mhusika wangu wa daftarini, fundi cherehani ambaye nilikuwa nimemsimamisha mlangoni tangu mwezi wa pili nikisubiri kujua awe mtu wa namna gani, akaingia ndani mwenyewe na kuketi. Sikuwa nimeamua lolote juu yake. Alipofanya kazi ndipo nilipomjua.

Nyongeza ilitoka mwishoni mwa Agosti 2024. Mganga hakuwa wa kwanza katika orodha wala wa mwisho. Nilichagua wahenga. Wale marafiki watatu wa kaka hawakusema neno, na mmoja wao, mtu wa maneno machache, baada ya pango la tatu alisema tu, "Mganga abaki." Mwaka 2025 ukaja na tangazo lake: mwinda mashetani ataongezewa tawi la tatu katika nyongeza inayofuata. Kaka akanipigia simu ya kweli, saa nne usiku, sauti ya mtoto wa miaka kumi. Kwa mtu ambaye hajaonana na nduguze miaka kumi na moja, furaha ile nisingeibeza hata kidogo.

Ndugu zangu wa kalamu, nataka kusema hivi. Kusubiri mabadiliko si upuuzi, kuna utamu wake na kuna elimu ndani yake. Anayesubiri kwa makini anajifunza kuuliza: nini kwa mhusika huyu kikiondolewa bado ni yeye, na nini kikiondolewa si yeye tena? Druidi bila mti bado alikuwa druidi. Mchawi bila mbawa, kwa kaka yangu, hakuwa yeye tena. Hakuna kanuni. Kila mwenye mhusika anapaswa kulijua jibu la kwake kabla mhariri hajafika na kalamu. Mhariri akija, mwachie fani ainyooshe, abadili mkuki kuwa upinde kama anaona inafaa. Lakini ujue wewe ni kipi usichokubali kukiweka mezani.

Na jambo la pili: usimsimamishe mhusika wako mlangoni eti unangoja nyongeza. Wapo vijana wengi, nawajua mtaani kwetu, wenye riwaya nzuri kichwani. Wanangoja kompyuta mpya, wanangoja kozi, wanangoja mtu wa kuwaambia kwamba fani yao imepandishwa asilimia kumi. Nyongeza haina mwisho, ikija hii nyingine imeshatangazwa. Mganga anaponya kwa nguvu alizo nazo usiku huo, siyo kwa zile zilizoandikwa kwenye orodha ya majaribio. Mpe mhusika wako kazi leo, hata kama ni butu kidogo. Ukimaliza sura, piga simu kwa mtu wako aliye mbali umsomee.